Gari la Mama Linagonga

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikukute huko kwenye matangi yako ukiwa mzima na bila kile kikohozi. Sisi tupo. Mama mzima, anakula, anagomba. Mimi niko barazani na cherehani yangu kama ulivyoniacha, ila shule zinakaribia kufunguliwa na kaptura zimejaa mpaka kitandani. Mgongo umekuwa ubao. Paa la choo bado linavuja. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kikapu cha vitambaa vyangu, na Mama amekataa ahamishwe kwa sababu mzazi hasumbuliwi.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hatusemi kitu. Ukipiga, unapiga kwa Mama, na Mama akishasema "tu wazima" anakata. Nikipiga mimi, nyumba unaijua: kuta nyembamba, na masikio ya Mama ni yale yale ya kusikia mtoto akigeuka tumboni. Kwa hiyo nimempa barua hii dereva wa tangi anayeshusha mafuta kituo cha hapa. Amesema atakukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni gari. Linagonga. Lilianza kidogo kidogo mwaka jana nikanyamaza, sasa linagonga karibu kila wiki. Mama anasema ni petroli. Anasema kituo chetu kinauza maji, na kwamba gari lililobeba wazazi wa mtaa mzima halistahili kunyweshwa petroli ya kawaida. Ameanza kulitilia supa, na bado linagonga. Unajua mwenyewe kwamba Mama alistaafu ukunga hospitali tu, mtaani hajastaafu. Mwanamke akishikwa na uchungu watu hawahangaiki na gari la wagonjwa. Wanasema "kaiteni Wodi", ndilo jina walilolipa gari, wanakuja kugonga geti, na Mama anatoka na funguo mkononi kabla hawajamaliza kusalimia.

Akaniagiza nikuandikie neno kwa neno: "Mwulize mwanangu linakunywa petroli gani. Yeye ndiye aliyeninunulia, yeye ndiye anayejua."

Basi nimekuuliza. Linagonga zaidi kwenye kona, na mlangoni.

Dada yako


29 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Barua imefika na alama ya kidole cha dereva, lakini imefika. Mimi mzima kiasi. Macho yanawasha kwa mvuke wa mafuta na kichwa kinaniuma kila jioni, ndiyo kazi yenyewe. Tunalala wanne chumba kimoja chini ya feni moja, na feni imechoka kuliko sisi. Mpe paka hongera. Mama mwambie namwomba apunguze chumvi. Nitajitahidi kutuma bati la choo.

Sasa gari. Kazi yangu hapa bohari ni kuchota petroli katika kila tangi linaloingia na kuipima, kwa hiyo swali la Mama limekuja mahali pake. Mwambie hivi: namba si ukali. Petroli ya kawaida ni tisini na moja, supa ni tisini na tano, na kila mtu anadhani ya tisini na tano ina nguvu zaidi, kama chai iliyozidishwa majani. Sivyo. Ile namba ni kipimo cha uvumilivu. Ndani ya injini petroli hubanwa pamoja na hewa kabla ya cheche kuja kuiwasha. Isiyovumilia hulipuka yenyewe kabla haijaambiwa, na hiyo ndiyo sauti ambayo watu wakiisikia husema injini inagonga. Namba kubwa maana yake inakubali kubanwa zaidi bila kulipuka. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Zipo injini zinazobana sana, hizo zinahitaji supa, na ukizinyima zinaharibika. Gari la Mama si la aina hiyo. Fungua kifuniko cha mdomo wa tangi. Ndani kuna kibandiko kimeandikwa tisini na moja. Kulitilia supa ni kumpa dawa mtu asiyeumwa: haimdhuru, haimfai. Na kama kituo cha hapo kingekuwa kinachanganya maji kweli, gari lingekohoa na kuzimika, lisingegonga.

Kwa hiyo kama linagonga hata kwa supa, petroli haina kosa. Fundi atazame masizi ndani ya injini, plagi, maji ya kupozea, na kama cheche inakuja kwa wakati wake. Ila jambo moja sikulielewa. Injini hugonga mlimani, gari likiwa na mzigo na gia kubwa, na sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo. Wewe umesema kwenye kona na mlangoni. Kwenye kona kwa nini? Sikiliza vizuri, halafu uniandikie sauti ikoje.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Tumepata salamu zako, na bati tunalingoja. Kaptura zimekwisha, sasa ni masweta. Watoto wa paka wamefungua macho na wameanza kuvuta nyuzi. Mwenye duka la kona anakusalimu, ingawa kwa sauti ya mtu aliyenuna; sababu utaiona mbele.

Kwanza nikuambie nimemsomea Mama ile habari ya uvumilivu. Akasema umeeleza vizuri, ila hukufika mwisho wa jambo. Mimi niliisoma tena peke yangu nikacheka. Kumbe mimi ni tisini na tano, ndiyo maana mnanibana hivi.

Umeuliza sauti. Ya kwanza ilikuwa ya bati, kwa sababu ilikuwa geti. Ya pili ilikuwa ya kioo. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye nguzo ya umeme na Mama akafika nyumbani bila kujua hana. Ya tatu ilikuwa ngazi ya mwenye duka, saruji tupu, ndiyo maana amenuna. Juzi ilikuwa meza yangu ya kukatia, hapa hapa barazani. Mimi nilikuwa nimeingia ndani kutafuta mkasi.

Sikusema injini, mdogo wangu. Nilisema gari.

Mama haoni. Mbele anaona kiasi, pembeni haoni kabisa. Kikombe ukikiweka upande wa kulia anakipapasa kama mtu gizani. Nilimpeleka kliniki ya macho, akakataa niingie naye, akatoka akasema daktari amemsifu. Nikamwona nesi mlangoni ananitazama kwa huruma, nikamfuata. Alisema neno moja tu, presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.

Yeye mwenyewe mambo haya huyasikii kinywani mwake. Kila likigonga anashuka, analigusa bodi, anasema "petroli hii". Na mimi naitikia "ndiyo, Mama". Nimeitikia mpaka ulimi umeota sugu. Alikuwa akiwaambia wanawake wodini "mficha uchi hazai", na sasa nyumba nzima tunaficha.

Mimi hanisikilizi. Mimi ni mtoto aliyerudi nyumbani na cherehani na masanduku mawili, sina la kumwamuru. Wewe ndiye anayekutaja kila akiwasha lile gari. Omba likizo, njoo, umwambie aache kuendesha. Aliyekuwa nyuma ya meza ile angeweza kuwa mimi. Kesho atakuwa mtoto wa mtu.

Dada yako


30 Mei

Dada yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Dereva alibadilishiwa njia. Huku joto limezidi na mkuu wa zamu mpya anatupima sisi badala ya mafuta. Nimefurahi masweta yanakwenda. Bati nimempa dereva, ukilipata uniambie.

Habari ya macho imenisikitisha. Lakini wazee wengi huona kwa shida wakati wa jua kali, na dashibodi ya lile gari inaakisi sana. Nililiona hilo tangu mwanzo. Labda atandike kitambaa cheusi. Vioo vya pembeni vipo vikubwa zaidi, navitafuta. Breki pia zikaguliwe, maana breki zikichelewa mtu anadhani kosa ni lake. Na miwani? Umemwuliza daktari habari ya miwani?

Likizo ni ngumu kipindi hiki. Watu wachache, matangi mengi. Wewe uko hapo, Dada, unaona hali ilivyo. Mimi nikisema kutoka huku nitakuwa nasema nini?

Mwambie aendelee kutumia ya kawaida. Tisini na moja inatosha kabisa.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Bati limefika na limepigiliwa. Paka amehama mwenyewe na wanawe wote.

Kitambaa cheusi nimekitandika. Ninavyo vingi, mimi fundi.

Sasa kaa chini usome. Jumatatu walikuja kugonga geti asubuhi na mapema, mke wa kinyozi, uchungu umemshika. Nikamwambia Mama tuite gari lingine, akanitazama kama nimemtukana. Nikaingia nikakaa mbele ili niwe macho yake. Nilisema "kulia, Mama", "ngoja, Mama", "kuna baiskeli". Aliitikia kila neno, mdogo wangu. Hakuwahi kuuliza kwa nini namwelekeza njia aliyoipita maisha yake yote. Tukafika kwenye ukuta wa zahanati, ule mweupe, jua limeshatoka, nikasema "simama", akakanyaga mafuta badala ya breki. Tulitumbukia mtaroni. Taa moja imekwisha na mlango wangu haufunguki.

Mke wa kinyozi hakuumia. Lakini kwa ule mshtuko mtoto hakutaka kungoja tena. Mama akapanda nyuma akamzalisha pale pale, gari limelala upande, kwa mikono tu, hatazami. Anatazama juu kwenye dari na mikono inafanya kazi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile na sijawahi kuogopa kama vile. Mtoto wa kike, amelia vizuri.

Na unajua mtaa unasemaje? Unasema Mama alisimamisha gari makusudi kwa kuwa alijua mtoto amefika. Hata mwenye duka amekuja na sukari. Wamelivuta gari, wamelinyoosha kidogo, wameliosha. Nitamnyang'anyaje funguo mtu anayeshangiliwa kwa kutumbukia mtaroni?

Dereva wa tangi ana mdomo, nawe unalijua hilo. Ameniambia wenzako wawili wa chumbani walikwenda kwao mwezi uliopita. Likizo hukunyimwa. Hukuomba. Unaniandikia dashibodi na breki, unajitia hamnazo, na wewe ndiye mtoto aliyesoma ndani ya petroli kipi kimo na kipi hakimo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua, lakini hata kuinyanyua?

Nimechoka. Sikuulizi tena habari ya petroli.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Sina salamu nyingi leo.

Lile gari ndilo kitu pekee nilichowahi kumpa Mama ambacho hakukifunga kabatini. Vitambaa vyote vimo kabatini, redio imo kabatini na boksi lake. Gari alilipanda siku ile ile. Siwezi kuja nikalichukua kwa mikono hii. Nimejaribu kuandika ombi la likizo, nalichana.

Nimefikiria njia. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, msomee Mama hiyo, hii uichane. Nimeandika kwamba bohari zote zimeamua kuacha kuleta petroli inayofaa injini ya gari lake, kwamba iliyobaki itaiua injini, na kwamba mimi kama mpimaji nashauri gari lisiwashwe tena. Nimeandika sababu zote za kitaalamu. Ataamini. Petroli imeanza mambo haya, acha petroli iyamalize, na hakuna atakayemvunjia heshima.

Nivumilie, Dada.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi tupo. Mtoto wa kinyozi anaongezeka uzito. Nimepata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, mia moja, meupe yote, na macho yangu mimi nayo yameanza kulalamika.

Karatasi yako nilimsomea Mama. Nilingoja siku kadhaa kwanza kwa sababu kusema uongo mrefu kunahitaji nguvu, na sikuwa nazo. Nilimsomea jikoni, yeye akichambua mchele. Unajua siku hizi anachambua kwa vidole. Anazipapasa punje, jiwe analitoa. Nilisoma yote: injini, bohari, namba, mgandamizo, ukaguzi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia nirudie pale penye sababu za kitaalamu. Nikarudia. Akacheka, mdogo wangu, akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Akasema tangu udogo ukisema kweli unasema neno moja, ukidanganya unaeleza. Akasema lile gari hata ukilinusisha petroli litawaka. Halafu akanishika mkono, naye hakukosea ulipo. "Mwandikie mafuta hayana kosa. Ni macho yangu ndiyo yameshuka daraja."

Nikamwuliza amejua tangu lini. Tangu kabla ya geti, akasema. Daktari alimwambia yote, na hata siku ile ya mtaro ukuta hakuuona, alisikia sauti yangu tu. Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa anaendesha. Hakuwa na hasira. Alisema alikuwa anangoja mmoja wetu amwambie, maana watu wakija kugonga geti, yeye mwenyewe hawezi kuwaambia hapana. Hajawahi kujifunza neno hilo. Akasema hivi, na nimeliweka moyoni mpaka sasa: "Mmoja ananiandikia petroli, mwingine ananishonea kitambaa cha dashibodi. Nimezalisha mtaa mzima, wanangu wawili wameshindwa kusukuma neno moja."

Nililia. Yeye akaendelea na mchele.

Funguo alinipa mimi. Hakuzitupa mezani wala hakufanya maneno, alizitoa tu kwenye kanga akaniwekea kiganjani akakifunga kiganja changu. Nikadhani ndiyo mwisho wa Wodi, nikashusha pumzi. Kumbe anasema leseni ninayo, na ni kweli ninayo, uliyonipeleka kuitafuta na ambayo mpaka leo ilikuwa kazi yake kuonyeshwa benki. Akasema mtu hawezi kuliambia geti lisigongwe. Basi wamekuja mara mbili tangu hapo. Naendesha mimi, kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mama anakaa nyuma, anamshika mwenye uchungu, anamwambia lini asukume na lini avumilie. Mashuka yanangoja.

Jana baada ya kumfikisha mtu tulipita kituoni, na yule binti wa pampu akaniuliza, ya kawaida au supa? Sikuwahi kuulizwa swali lile maishani mwangu. Nikafungua kifuniko nikasoma kibandiko chako. Nikamwambia ya kawaida. Mama kutoka nyuma akasema ajaze.

Karatasi yako ndefu ameniambia niirudishe kwa dereva huyu huyu, hiyo imo humu. Hataki kuiweka kabatini. Nami nilitaka kukuandikia mengi, yale ya mwezi wa sita, lakini nimechoka na umeshasikia.

Amenipa ujumbe, na kama kawaida ameagiza niuandike neno kwa neno. Anasema: "Gari lina mwenyewe sasa, asiliogope. Mwambie aje nimtazame usoni, na akae mbele yangu, sio pembeni. Bado kuna kidogo cha kuonea."

Dada yako